Kijiko Nilichosema ni cha Chai

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na kama wewe ni mdogo kwangu basi nirudishie, maana gazetini umri hauonekani. Nakuandikia nikiwa nimebana kalamu kati ya kidole cha pete na cha mwisho, vile vitatu vya mbele vimegoma kazi, kwa hiyo mwandiko ukikushinda usiilaumu shule, ingawa nayo niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa amani, kila mmoja alimwona mwenzake hamfai. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote wa kwetu, na ukinisaidia vizuri niletee kiatu chochote kilichokushinda, nitakufufulia.

Mimi ni fundi viatu, na kabla hujageuza ukurasa nikwambie, si fundi wa kuziba raba zilizofungua mdomo, hapana, kiatu nikikimaliza mimi, mwenye kiatu akija kukichukua anakipita, anasema hiki si changu, mpaka nimvalishe. Wananiita Kisigino kwa sababu kisigino nikikigonga mimi hakichomoki, kiatu kitakufa chenyewe kisigino bado kipo. Nafanya kazi kwa mjomba, kaka yake mama, chumba kimoja, dirisha moja, meza mbili, yake iko kwenye mwanga na yangu iko kwenye mwanga alioubakiza, viatu vya watu vimepangwa ukutani kila jozi na kikaratasi chake, na juu kabisa, nyuma ya kalibu za mbao, yale maumbo ya miguu tunayovalisha viatu, kuna kopo lililokuwa la maziwa ya unga. Hilo kopo ndilo lililonifanya nikuandikie, lakini ngoja, tutalifikia.

Miezi saba iliyopita vidole vilianza kuwasha, vikaja kupasuka, ngozi ikawa inabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Mimi siyo mtu wa kukaa nalia, nikanunua glavu za mpira, nikamringia mjomba, nikamwambia, "Mjomba, ona mpwa mwenye akili." Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Ukimaliza kuosha vyombo, kuna soli tatu zinakungoja." Basi nikavaa glavu kwa maringo, na baada ya wiki chache vipele vikatoka nyuma ya mikono, vikapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikawa siwezi hata kukamua nguo. Nikaenda hospitali.

Nilitegemea kupewa mafuta niondoke. Nikamkuta daktari wa ngozi, mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na viatu vyake soli ya kushoto imelika upande wa nje, nikajua papo hapo huyu anatembea haraka na anabeba mkoba mzito begani. Nikajiona mjanja. Mshauri, sikujua niko mbele ya mjanja kuliko mimi.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Mimi ni daktari wa viatu, mama. Tuko kazi moja."

"Haya, daktari mwenzangu. Nionyeshe unavyobandika soli."

"Hapa?"

"Hapa." Akavua kiatu chake akakiweka mezani, juu ya mafaili ya watu.

Nikakishika, nikaanza kuigiza, naparura, napaka, napuliza, nabana, na domo langu linaenda sambamba na mikono. Yeye hakunitazama usoni hata mara moja, macho yote kwenye vidole. Akasema, "Rudia hapo. Gundi unapaka kwa brashi au kwa kidole?" Nikasema kwa brashi, mama, sisi ni mafundi. Akasema, "Mbona kidole kimeshatangulia?" Nikaangalia, na kweli, kidole changu kilikuwa kwenye soli kinasawazisha gundi isiyokuwepo. Miaka minne ya kazi na sikujua kidole changu kina tabia hiyo.

Akaniambia niende, nirudi na kila kitu ninachogusa kazini na nyumbani, hata vile ambavyo naona havihusiki. Nikarudi na gunia. Lile gunia lilivyonuka, benchi lote la kusubiri lilihama, mzee mmoja akauliza kama nimeleta maiti ya tairi. Daktari akatandaza magazeti, akavitoa kimoja kimoja, gundi ya kawaida, vipande vya ngozi, soli, rangi ya viatu, sabuni yangu, mafuta yangu ya mwilini, hata saa.

Mshauri, mimi nimeona watu wakichagua. Nimemwona mjomba akichagua ngozi kwa kuikunja karibu na sikio ili asikie inavyolia. Lakini sijaona mtu akichagua kama yule mama. Nilikuwa namwambia, "Mama, si ubandike vyote tu mgongoni tujue moja?" Akasema, "Vitu vinavyoweza kumletea mtu aleji ni maelfu, na mgongo unao mmoja. Nikibandika ovyo nitapata wekundu kila mahali, nisijue upi ni wa kweli, na naweza kukuanzishia aleji ambayo hukuwa nayo. Nikibandika vichache mno, mwenye makosa atapita pembeni anapiga mluzi. Kwanza naweka vile vinavyosumbua watu wengi, awe fundi awe karani. Halafu nachagua vya kazi yako, na hivyo siwezi kuvichagua peke yangu. Nachagua kwa maneno yako."

Akaendelea. Petroli ya kusafishia akaisogeza mbali, akasema hiyo haiendi mgongoni kwa mtu yeyote, inamuunguza hata asiye na aleji, na kuungua si jibu. Ngozi akaikata kipande, akasema atapima na ile chumvi ya kiwandani inayotumika kuigeuza kutoka ngozi ya mnyama kuwa ngozi ya kiatu. Kwenye gundi akasoma maandishi ya kopo mpaka yale madogo ambayo mimi nilidhani ni mapambo. Glavu akaziinua kwa ncha ya kalamu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. "Hizi ulianza kuzivaa kabla ya vipele vya nyuma ya mikono, au baada?" Nikahesabu wiki kwa vidole, nikasema kabla, mama, vidole vilipoanza kuwasha ndipo nikazinunua. Sikuwahi kujiuliza.

Hapo chini ya gunia kikatoka kijiko, kimeganda kitu cha manjano. Sijui kiliingiaje. Akauliza, "Na hiki?"

Nikasema, "Cha chai, mama."

Akakitazama, akanitazama, akakiweka pembeni. Akauliza kama kuna kingine chochote ninachogusa. Nikasema hakuna.

Jumatatu nikavua shati, mgongo mzuri tu sijisifu, ingawa nesi hakusema kitu. Niliambiwa vitu vya kupimwa ni thelathini na nane, nikadhani ni sindano, nikawa nimeshaaga ndugu kimoyomoyo, kumbe ni vikopo vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kina tone la kitu kimoja kilichopunguzwa makali kwenye mafuta ya mgando, vinabandikwa kwa plasta kwa mistari, nesi anaandika namba kwa kalamu, mgongo ukawa kama ubao wa darasa. Nisioge mgongo, nisitoke jasho, nisikune. Mimi, mtu wa nyundo! Nililala kifudifudi siku mbili, dada yangu akawa anaongea nami kupitia mlangoni.

Jumatano vikabanduliwa, kukawa na wekundu sehemu mbili, nikasema tumempata. Daktari akasema, "Tulia. Wekundu mwingine ni hasira tu ya plasta, unapita. Wa aleji unakaa na kukomaa." Ijumaa akarudi kusoma, na kweli mmoja ulikuwa umefifia na mwingine umepanda vipele vidogo, akaupitishia kidole taratibu kama mjomba anavyopapasa mshono.

"Mpira," akasema. "Glavu zako."

"Mama, glavu nilinunua kujitibu."

"Najua. Inaeleza nyuma ya mikono na vifundo. Haielezi ncha za vidole hivi vitatu. Vilianza kabla ya glavu."

Akafungua droo, akatoa kijiko changu kwenye mfuko wa plastiki. "Chai gani hii inayoganda mpaka kisu hakiingii?"

Nikasema, "Ya maziwa, mama."

Nesi alicheka. Daktari hakucheka, na hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema, "Kijana, mgongo wako umenipa nusu ya jibu kwa sababu mdomo wako ulinipa nusu ya habari. Rudi baada ya wiki mbili, ngozi ikishatulia. Safari hii nataka kuchagua nikiwa na vyote mbele yangu."

Sasa kopo. Nilipotimiza mwaka kazini, mjomba alifunga mlango mchana kweupe, akalishusha, akanifundisha. Ni gundi ya kawaida, anatia unga wa manjano kutoka mfuko usio na maandishi, anatia matone ya chupa nyeusi ambayo lebo yake ameikwangua mwenyewe. Unakoroga kwa kijiko, kisha unachukua kidogo kati ya vidole vitatu vya mbele, unasugua, unavuta, ikitoa nyuzi ndefu iko tayari. Hapo glavu unavua, mjomba anasema glavu haisikii. Soli iliyobandikwa na kopo lile, mshauri, utachana ngozi kabla haijabanduka, ndiyo maana watu wanapita mafundi sita kuja kwetu. Akaniambia, "Hili linakaa humu ndani. Hata ukioa."

Na mikono yake ni vilevile, vidole vilevile vitatu, ila vyake vimepasuka miaka na vimekuwa vigumu kama kamba ya ngozi mbichi iliyokauka. Hawezi kufunga vifungo. Asubuhi anakuja shati liko wazi chini ya koti, anasema joto, na mimi namfungia kabla mteja wa kwanza hajaingia, kimya, yeye anatazama dirishani na mimi natazama vifungo. Nilijaribu kumchokoza, nikasema, "Mjomba, daktari akiliona lile kopo letu je?" Hakuacha kugonga. "Siku kopo hili likiingia hospitali, wewe usiingie humu." Nikasema na mikono je? "Mikono gani? Hii ndiyo mikono ya fundi. Ukitaka laini, kawe karani."

Basi niko hapo. Nikisema, nimemuuza mjomba aliyenilea toka baba alipoondoka. Nisiposema, yule mama atachagua tena akiwa gizani kwa sababu yangu, na mimi nitakosa vidole, na bila vidole mimi si Kisigino, ni kijana mwenye domo tu. Nimepata wazo la tatu, la kwangu mwenyewe, na nadhani utalipenda. Plasta ninayo na kalamu ninayo. Jumapili nijipake tone la kopo mgongoni, nikae siku mbili, nisome mwenyewe. Si nimeshaona anavyofanya? Nishauri, ila usichelewe, gundi inakauka.

Ni mimi, Kisigino, fundi ambaye viatu vyake vinajulikana kuliko sura yake.

MSHAURI ANAJIBU

Kisigino mwanangu, marahaba, na umri wangu usiuchimbe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nacheka, ya pili nimekunja uso. Umemsifu yule daktari kurasa nzima, na anastahili kusifiwa, hata mimi ambaye sijamwona nimempenda. Amevua kiatu chake mwenyewe ili aone kidole chako kinavyojisahau. Amekichunguza kijiko ambacho wengine wangekitupa. Halafu mtu kama huyo ukamwambia chai! Tena ulipoulizwa mara ya pili ukaongeza maziwa!

Nianze na wazo lako la tatu, maana hilo haliwezi kusubiri. Achana nalo leo hii. Uliangalia anavyobandika, hukuangalia anavyochagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Alikwambia vitu vyake vimepunguzwa makali. Ulimwona akiikataa petroli. Wewe utabandika gundi mbichi yenye unga usioujua, itakuunguza kama itakavyomuunguza mtu yeyote, utaona jeraha, utashangilia kwamba umepata jibu, kumbe umepata kovu, na pengine aleji mpya juu ya ile ya zamani. Ulinunua glavu kujitibu ukaona kilichotokea. Mara moja inatosha.

Kuiba kidogo kutoka kwenye kopo pia usithubutu. Hukuliandika, lakini nimelisikia linapita kichwani mwako.

Sasa mjomba. Nampa heko, kwa dhati kabisa. Mtu aliyekaa na gundi mpaka akajua inavyotakiwa kuvutika kati ya vidole, huyo ni bingwa, na nakuelewa ukiona uchungu kumsaliti. Lakini umemsikiliza vibaya. Wewe unadhani anaogopa siri yake itoke. Daktari wa ngozi anataka kufungua duka la viatu? Mzee hana shida na siri. Anachoogopa ni kuambiwa kwamba kitu alichokitengeneza kwa mikono yake ndicho kilichomla mikono yake, na kwamba amekupa na wewe. Ndiyo maana hakuacha kugonga alipokujibu. Hakutaka umwone uso.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kaa naye mkiwa wawili, mlango umefungwa mchana kweupe kama alivyofanya yeye siku ile, na maringo yako uyaache nje. Mwonyeshe vidole vyako vitatu kando ya vyake. Usimwambie lolote kwa dakika moja, najua kwako ni kazi ngumu. Kisha mwambie hivi: daktari hahitaji kujua vijiko vingapi, anahitaji kujua ni nini. Vipimo vya mchanganyiko vibaki kichwani mwa mjomba. Jina la ule unga na jina la ile chupa ndivyo vinavyotakiwa, na kama ameyasahau, anaponunua wanayajua, mfuko mkubwa wa dukani una maandishi. Aende mwenyewe amwambie daktari sikioni, wewe utoke nje ukitaka.

Akikataa, usigombane naye na usimwibie. Nenda siku yako, mwambie daktari ukweli mtupu: lipo kopo, nalishika kwa vidole hivi vitatu, sijui kilichomo na sina ruhusa ya kulileta. Hata hilo linamsaidia kuliko chai. Mtu anayeweza kusoma kijiko ataweza kusoma na hilo, na atajua cha kuchagua au cha kuacha.

Na kuanzia kesho asubuhi, nyuzi za gundi zivutwe kwa vijiti viwili, siyo kwa vidole. Mjomba atasema vijiti havisikii. Mjibu kwamba na vidole vyake havisikii tena, ila liseme kwa upole, maana ni kweli. Glavu za mpira zitoke chumbani, umwulize daktari zipi zinakufaa.

Sitakudanganya kwamba yote yataisha vizuri. Inawezekana ataambiwa kopo lile basi. Itamuuma. Lakini aliyeweza kutengeneza mchanganyiko mmoja anaweza kutafuta wa pili, na safari hii atakuwa na mpwa mwenye macho, na vidole kumi vya kijana kama mtawahi.

Kiatu changu ninacho, kisigino kimelegea, hukukosea kunichokoza. Kitasubiri mpaka ukigonge kwa mikono iliyopona.

Mjomba akikubali, siku ya hospitali nendeni wote na kopo lenu, umwambie daktari na lile la kijiko kwa mdomo wako. Na asubuhi hiyo, kabla hamjatoka, mfungie mjomba vifungo vya shati kama kila siku, ila msikae kimya.